Uzi: Kilichonitoa jasho si ada ya chuo, ni zile wiki mbili za kwanza. Nisaidieni nisirudie kwa mtoto wa pili

Mama Watatu | Jumanne, saa 2:14 usiku

Wadau habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni. Uzi una urefu wake, asiye na muda ashuke hadi chini kwenye swali.

Mimi ni karani wa masjala kwenye halmashauri moja huku Nyanda za Juu Kusini, mwenzangu ni seremala. Tuna watoto watatu. Wa kwanza, binti, alimaliza kidato cha sita 2023, akachaguliwa chuo cha serikali Dar, kozi ya sayansi, ada 1,300,000 kwa mwaka. Hiyo ada niliijua tangu yuko kidato cha tano, kwa hiyo nilijiona nimejipanga. Kujipanga kwenyewe kulikuwa kusema "Bodi ya Mikopo itatoa". Basi. Msinicheke.

Mwezi wa kumi unaanza, akaja na fomu ya kujiunga kutoka steshenari, kurasa kumi na moja bado zina joto la mashine. Niliisoma nimesimama jikoni, maharage yakaungua. Nusu ya ada ilipwe ndipo asajiliwe, 650,000. Michango ya chuo, ukijumlisha vijisenti vyote, kama 100,000. Bima ya afya ya mwanafunzi 50,400. Hosteli hakupata. Akaenda kwa shangazi yake kutafuta chumba, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 70,000 mara sita, na dalali naye akataka ya mwezi mmoja. Godoro 95,000. Nauli na mizigo 40,000. Hela ya kula ya wiki tatu, 150,000. Jumlisheni wenyewe: 1,575,400, na hapo laptopu bado, na yote hayo yalitakiwa ndani ya siku kumi na nne.

Matokeo ya mkopo yakatoka tumeshalipa. Na alipata! Bumu, yaani hela ya kujikimu, kamili, na asilimia 40 ya ada. Kwa hiyo hesabu ya mwaka mzima ilikuwa inabebeka kabisa. Fedha ilikuwepo, ila haikuwepo siku ile. Bumu lenyewe liliingia yuko darasani wiki ya nne.

Sasa hiyo 1,575,400 ilitoka wapi? Laki tano na ushee nilikuwa nazo kwenye kikoba. Milioni moja nikaenda kwa wale wakopeshaji wa kausha damu. Nilitakiwa kurudisha 1,300,000 baada ya siku thelathini, kadi ya benki na namba ya siri nikawaachia wao. Mshahara ukiingia wanakwenda wao mashineni, wanachukua riba yao 300,000, mtaji unabaki palepale. Miezi mitano hivyo. Wa tano mwenzangu akauza mashine yake ya kuranda tukalipa ile milioni. Nilikopa milioni moja, nikalipa mbili na nusu. Mpaka leo anaranda kwa mkono au anapeleka mbao kwa jirani analipia, na hajawahi kunitamkia neno, ndiyo inayoniuma zaidi.

Swali: wa pili, kijana, yuko kidato cha tatu. Mungu akijalia, chuo ni miaka minne kutoka sasa. Wa tatu ana miaka mitano tu. Ninachoweza kutenga bila kujidanganya ni 70,000 kwa mwezi. Niiweke wapi, ili mwezi wa kumi wa mwaka huo iwe mkononi? Na makaratasi ya Bodi nianze nayo lini? Mambo ya "mtegemee Mungu" naomba yakae pembeni, hayo nayafanya tayari.

Nyundo Baridi | Jumanne, saa 2:31 usiku

Nimevuta kigoda. Wa kwangu yuko kidato cha pili. Ngoja waje wataalamu.

Mzee wa Vipande | Jumanne, saa 3:05 usiku

Mama Watatu, pole sana, na hongera kwa kuandika namba. Nyuzi nyingi za humu ni malalamiko bila hesabu.

Umesema jambo ambalo wengi hawalioni: tatizo lako ni tarehe. Kwa hiyo usiulize kwanza "wapi inazaa sana", uliza "wapi naitoa siku nikiitaka". Kwa kijana wa kidato cha tatu mimi ningekwambia nunua vipande vya UTT AMIS, ile taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, mfuko wa Ukwasi. Ulianza 2013. Ukishaufungua, unaongeza kidogo kidogo kwa simu, hakuna makato ya kuingia wala ya kutoka, na ukiomba fedha yako unalipwa ndani ya siku chache za kazi. Mwezi wa tisa unaomba, mwezi wa kumi iko kwenye akaunti.

70,000 mara miezi 48 ni 3,360,000 hata kama haikuzaa senti. Ukichukulia faida ya asilimia 10 kwa mwaka (nachukulia tu, thamani ya kipande inabadilika kila siku, asikuahidi mtu) inakaribia 4,100,000. Hiyo ni zile wiki mbili zako mara mbili na zaidi.

Yule wa miaka mitano ndiye wa mfuko wa Watoto. Ulianzishwa 2008, unafunguliwa kwa jina la mtoto aliye chini ya miaka 18. Huyo weka hata 10,000 usahau.

Watakuja watu hapa kukwambia hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba. Ni nzuri, nami ninazo, riba inalipwa kila baada ya miezi sita. Lakini kima cha chini ni milioni moja kwa mpigo, na za miaka 20 na 25 ndizo zenye riba nono. Wewe una miaka minne na elfu sabini. Acha kwanza.

Mnyalu wa Mafinga | Jumanne, saa 3:40 usiku

Mzee wa Vipande, na miti je? Huku kwetu mtoto akizaliwa baba anapanda paina ekari moja, miche kama 450 ukiacha mita tatu kwa tatu, na akifika chuo miti ipo. Benki gani itakupa hiyo?

Mzee wa Vipande | Jumanne, saa 3:46 usiku

Mnyalu, swali la kirafiki tu. Wewe mwenyewe uliisomeshea?

Mnyalu wa Mafinga | Jumanne, saa 4:20 usiku

Hahaha, umenishika pabaya mkuu.

Haya nieleze ukweli. Nilipanda ekari tatu mwaka 2009. Ekari moja iliungua 2015, jirani alikuwa anasafisha shamba la mahindi kwa moto mwezi wa kumi, upepo ukageuka. Barabara ya moto, ile ya kuzuia moto usiingie shambani, nilikuwa nimeilima upande mmoja tu, ule wa barabarani, kwa sababu vibarua walipanda bei nikasema nitamalizia mwakani. Zilizobaki mbili zilikuwa na miaka tisa mtoto alipopata chuo mwaka 2018. Paina ya miaka tisa ni mtoto. Akaja dalali na mwenye mashine ya kupasua mbao, akazunguka shamba, akagusa gusa miti kama anayenunua kuku, akanitajia bei ya shamba zima. Nilijua ananiibia, na yeye alijua kwamba chuo kinafunguliwa wiki ijayo, maana nilikuwa nimemwambia mwenyewe! Nikauza. Ile miti ingekaa miaka mingine kumi tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Kwa hiyo Mama Watatu, miti ipandie yule wa miaka mitano kama mna eneo. Au panda milingoti, baada ya miaka michache unaanza kuuza mirunda kwa wajenzi, ukivumilia zaidi unapata nguzo. Huyo wa kidato cha tatu hana muda wa kusubiri mti.

Na ukienda kuuza chochote, usimwambie mnunuzi mtoto anafungua lini.

Aliyeumwa na Nyoka | Jumanne, saa 4:52 usiku

Nachangia upande wa bima ya elimu, jina la kampuni nalihifadhi. Nilikatiwa miaka sita kwenye mshahara. Mwaka wa saba kiwanda kikapunguza watu, nikawa nyumbani, nikakosa michango miezi mitatu. Nikapigiwa simu kwamba mkataba umesinzia. Neno lao hilo, umesinzia. Nilipokwenda kuuvunja nikalipwa pungufu ya nilichochangia, na yule dada wa dirishani akanionyesha kifungu, kweli kipo, ukurasa wa nne, na sahihi yangu iko ukurasa wa tano.

Sisemi bima ni mbaya. Faida yake kubwa ni kwamba mzazi akifariki mtoto anaendelea kulipiwa, hilo vipande havifanyi. Ila ulizeni maswali mawili kabla ya kusaini: nikikosa kuchangia inakuwaje, na nikivunja mwaka wa tatu napata ngapi. Wakala akianza kuzunguka, ondoka.

Kijana wa Geto | Jumatano, saa 1:10 asubuhi

Shikamooni wazazi. Mimi niko mwaka wa tatu, acha niwape picha ya upande wetu maana naona mnalihesabu bumu kama mshahara.

Bumu kwa sasa ni 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo. Wakati wa kaka zetu lilikuwa 8,500, lilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23. Haliji kila mwezi. Linakuja kwa mkupuo wa siku kama sitini, 600,000, na linapoingia kila mtu tajiri. Wiki hiyo chuo kizima kina viatu vipya. Hakuna aliyetufundisha kuigawa laki sita kwa siku sitini, na wengi wetu hatukuwahi kushika laki moja kwa mpigo. Mimi bumu la kwanza nilinunua spika. Spika! Siku ya arobaini nilikuwa nakula mara moja.

Halafu kuna kusaini. Fedha ikifika lazima uthibitishe, kwa alama ya kidole siku hizi. Ukiwa umesafiri, au umezembea, muda ukapita, fedha inarudi Bodi na kuifuatilia ni kazi. Na ukidisko, yaani ukifeli ukaondolewa chuo, ndiyo basi, mkopo umekatika. Kwa hiyo mzazi asiulize tu "umekula?", aulize na sapu ngapi, ile mitihani ya kurudia.

Hilo la wiki mbili za kwanza ni kweli tupu. Mwaka wa kwanza tulilala wanne kwenye chumba cha mmoja tukisubiri bumu. Godoro moja, tulilala kwa upana, miguu sakafuni.

Mama Lishe wa Getini | Jumatano, saa 4:25 asubuhi

Wanangu, mimi nauza chakula nje ya chuo mwaka wa kumi na mbili huu. Sijui vipande wala hatifungani, najua daftari langu la madeni.

Likikaribia bumu daftari linajaa. Naandika jina, kozi, na kitambulisho nakishika. Wiki ya kwanza baada ya bumu wanalipa wote, wanakula kuku, wananiita mama mpaka raha. Wiki ya tano wanarudi kwenye wali maharage. Ya saba wanaomba ukoko. Nina mmoja alikuwa anakuja saa tisa alasiri kila siku, nikajua anaunganisha mchana na usiku. Sikumuuliza. Nilikuwa namwekea ndizi pembeni, namwambia imebaki.

Ninachotaka kumwambia Mama Watatu: binti yako atakwambia kwenye simu "nimekula mama". Wote wanasema hivyo, wanapiga simu mbele ya meza yangu hawajala. Kama una elfu sabini, usizifungie zote huko kwenye mifuko yenu. Baki na elfu ishirini ya kumtumia katikati, ile wiki ya sita. Hiyo ishirini ina thamani kuliko laki mbili za mwanzo.

Kijana wa Geto | Jumatano, saa 4:31 asubuhi

Mama nadhani nakudai ndizi... samahani, wewe ndiye unanidai 😂

Mama Lishe wa Getini | Jumatano, saa 4:33 asubuhi

Kama ni wewe wa spika, 14,500.

Tajiri wa Baadaye | Jumatano, saa 6:02 mchana

Mimi nitakuwa tofauti. Milioni nne hizo mpe kijana mtaji. Mtaa umejaa wenye digrii wanaendesha bodaboda, na wakiajiriwa Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Mpeleke VETA akajifunze umeme wa magari, mwaka wa pili anakulisha wewe.

Mama Watatu | Jumatano, saa 7:15 mchana

Tajiri, nashukuru. Hilo tumelizungumza nyumbani na baba yake ndiye fundi, kwa hiyo hakuna anayedharau ufundi kwetu. Kijana akisema anataka VETA nitampeleka, na elfu sabini zangu zitafaa hukohuko, maana huko nako kuna ada, vifaa na nauli. Lakini sitaki aende VETA kwa sababu mama yake hakuwa na 1,575,400 wiki ya pili ya mwezi wa kumi. Nataka achague yeye, siyo kalenda imchagulie.

Kuhusu asilimia 15, binti yangu analijua deni lake. Na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa inafanya deni livimbe ilifutwa 2021, kwa hiyo siku hizi mtu anajua anadaiwa nini. Mwenye deni la Bodi hakeshi kwa mawazo kama nilivyokesha mimi kwa wale waliokuwa na kadi yangu.

Tajiri wa Baadaye | Jumatano, saa 7:40 mchana

Nimekuelewa mama. Sijapinga tena.

Binti Likoni | Jumatano, saa 11:18 jioni

Salamu kutoka Mombasa. Nimesoma uzi wote nikiwa feri. Huku kwetu Kenya nako tumevurugwa vizuri: mwaka 2023 serikali ilileta mfumo mpya wa ufadhili, wanafunzi wakagawanywa bendi tano kulingana na uwezo wa nyumbani kwao, huyu anapata ufadhili mwingi, yule anapata kidogo na nyumbani kwao wanaongeza zaidi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo haufuati katiba. Mzazi akabaki katikati hajui apange kwa lipi.

Mimi nilichofanya ni kutopanga kwa lolote kati ya hayo. Chama chetu cha akina mama kumi na wawili tumekubaliana: mwenye mtoto anayeingia chuo ndiye anayepokea mzunguko wa Agosti, hata kama zamu si yake. Wengine wanasogea nyuma. Haitugharimu chochote ila kuridhiana. Labda na nyinyi kwenye vikoba mnaweza kulisema hilo mapema, kabla mtoto hajafika.

Mama Watatu | Jumatano, saa 1:50 usiku

Binti Likoni, hili nimelinakili kwenye karatasi. Kikoba chetu tuko ishirini na tunagawana mwezi wa kumi na mbili. Mwezi wa kumi na mbili! Sijui nani alipanga hivyo, labda kwa ajili ya sikukuu. Tungegawana wa tisa nisingewajua wale watu.

Mwalimu wa Taaluma | Jumatano, saa 3:12 usiku

Naona hela imezungumzwa, makaratasi hayajaguswa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, kila mwaka najaza maombi ya mkopo na vijana wangu wa kidato cha sita, na nimeshuhudia wenye sifa wakikosa kwa herufi moja.

Mama Watatu, usisubiri kidato cha sita. Wiki hii toa cheti cha kuzaliwa cha kijana, toa na karatasi yoyote ya shule yenye jina lake, viweke mezani kimoja kando ya kingine. Soma herufi kwa herufi. Majina yote matatu. Cheti kitahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo (kwa waliozaliwa Zanzibar ni wakala wao, ZCSRA), na jina likigongana na la cheti cha kidato cha nne utaanza safari za wakili na viapo vya majina wakati dirisha la mkopo liko wazi na wenzako wameshatuma. Kama ana kadi ya kliniki tu na hana cheti, hiyo ndiyo kazi ya kesho asubuhi.

Pili, namba ya mtihani wa kidato cha nne. Wapo wanaorudia mtihani wakawa na namba mbili. Anaombea chuo kwa namba hii, mkopo kwa ile, mfumo unaona watu wawili: mmoja ana chuo hana mkopo, mwingine ana mkopo hana chuo. Namba ni ileile kote.

Tatu, mdhamini. Watu wanatafuta mdhamini usiku wa mwisho. Mwambie mjomba wake leo, aandae na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Fomu itapita serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo, na mwenyekiti wa mtaa naye huwa na misiba yake, hapatikani kila siku unayomtaka.

Nne, ada ya kuomba mkopo ni 30,000 inalipwa kwa kontro namba. Ndogo, ila nimeona vijana wanaikosa.

Akikosa awamu ya kwanza asilie, kuna ya pili, na baadaye dirisha la rufaa. Akipata stashahada badala ya shahada, tangu 2023/24 Bodi inakopesha stashahada pia kwa fani zilizopewa kipaumbele, afya na ualimu zikiwemo. Na kama anapenda sayansi na kichwa kipo, mwambie habari za Samia Scholarship, ilianza 2022/23 kwa wanaofaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita. Mimi nimewaona vijana wangu wawili wanaipata, watoto wa wakulima, wala hawakujua kama ipo.

Nyundo Baridi | Jumatano, saa 3:20 usiku

Mwalimu nimeamka kitandani kwenda kutafuta cheti. Mke wangu anauliza kuna nini.

Mwalimu wa Taaluma | Jumatano, saa 3:26 usiku

Mwambie kuna herufi.

Mzee wa Vipande | Alhamisi, saa 12:40 asubuhi

Mama Lishe amenirekebisha kwenye ile 70,000 yote kwenda mfuko mmoja. Nakubali. Ila natofautiana naye kidogo: binti yuko chuoni leo, ya wiki ya sita itoke kwenye matumizi ya nyumbani, ya kijana isiguswe. Ukishaanza kuchota kwenye ya mwaka wa nne kwa ajili ya leo, hutaacha. Nasema hivyo kwa kuwa niliwahi kutoa "kidogo tu" ya kupaua nyumba.

Mama Lishe wa Getini | Alhamisi, saa 2:05 asubuhi

Sawa baba, lakini matumizi ya nyumbani ya karani na seremala asiye na mashine unayajua?

Mzee wa Vipande | Alhamisi, saa 2:11 asubuhi

Umenifunga mdomo mama.

Mama Watatu | Jumamosi, saa 10:30 jioni

Mrejesho kama nilivyoahidi wale walionifuata inbox.

Jana nilikaa na mwenzangu, nikamsomea uzi wote. Kwa Mnyalu alicheka mpaka machozi, kwa Mama Lishe alinyamaza. Tukafikia hivi: 50,000 inakwenda kwenye Ukwasi kila tarehe ya mshahara, kabla sijashika hata ya sukari. 20,000 inakaa kwenye simu kwa ajili ya binti, wiki ya sita. Ikibaki mwisho wa muhula inafuata zile hamsini. Najua 50,000 kwa miezi 48 ni 2,400,000, si ile milioni nne ya Mzee, lakini inafunika 1,575,400 na inabakiza ya laptopu ya mtumba. Wa miaka mitano tutamfungulia wa Watoto mwezi ujao kwa 10,000 na nimemwambia bibi yake zawadi za sikukuu ziende huko badala ya viatu vya taa.

Kikoba: nimeomba hoja iingie kwenye kikao, mgao uhamie mwezi wa tisa. Wawili wamekwisha nununa.

Baba yake akaniuliza, na mashine ya kuranda je, itanunuliwa lini? Hiyo sikuwa nimeiandika kwenye karatasi. Akasema anauliza tu. Nimeiandika sasa, mstari wa mwisho, sijaweka kiasi.

Sasa Mwalimu, nimefanya ulivyosema. Cheti cha kuzaliwa cha kijana jina la kati ni Yohane. Ripoti ya shule ni Yohana. Cheti cha darasa la saba ni Yohana pia. Kijana mwenyewe nilipomuuliza akasema yeye huandika "Y." tu, anaona linatosha. Nianze wapi, shuleni au RITA?

Mwalimu wa Taaluma | Jumamosi, saa 10:52 jioni

Anza shuleni. Mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe jina lililoko kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, usiamini ripoti, ripoti huandikwa kwa mkono na mtu aliyechoka. Ukishajua jina la Baraza, ndipo uende na cheti kwa ofisi ya RITA hapo wilayani waseme kipi kirekebishwe. Nenda na kadi ya kliniki kama bado unayo, na cheti cha ubatizo. Una muda, yuko kidato cha tatu.

Mama Watatu | Jumamosi, saa 11:07 jioni

Kadi ya kliniki ipo, imeliwa na panya upande wa chanjo lakini jina linasomeka. Yohane. Jumatatu nimeomba ruhusa ya nusu siku.

Nyundo Baridi | Jumamosi, saa 11:15 jioni

Mimi cha wangu sijakiona mpaka sasa. Tumepindua kabati lote. Kuna anayejua utaratibu wa kuomba kipya, au niulize kwenye uzi mwingine?